Intaneti ya msafiri: nani hulipia usalama wake?

Majuzi nilipigiwa simu na dada mmoja tuliyefanya naye kazi zamani. Siku hizi yeye ndiye mkuu wa mauzo katika karakana moja ya Kariobangi Light Industries, hapa Eastlands, inayotengeneza mashine za kukatakata majani ya ng'ombe. Ana vijana watano anaowatuma huku na kule: Kisumu, Busia, Mbale, Arusha. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, hawa vijana wakiwa safarini watumie intaneti gani? Isiwe ghali, na isinirudishe kule nilikotoka."

Nilijua anazungumzia nini. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi, na kwa kuwa wasomaji wengi wa hapa mna biashara ndogo zenye watu wa kusafiri, nimeona niliweke jibu hadharani. Amenipa ruhusa, mradi nisimtaje jina.

Turudi nyuma kidogo, hadi Machi 2009. Kebo za baharini zilikuwa bado hazijaanza kazi. TEAMS, ile ya kutoka Fujairah, ilifika Mombasa Juni mwaka huo, na SEACOM ikawashwa Julai. Kabla ya hapo intaneti yetu ya kwenda nje ilitegemea setilaiti, na bei yake ilikuwa huko huko juu angani. Hapa Buruburu ninakoishi saiba zilitoza shilingi moja kwa dakika, na ukifungua picha moja kubwa ungeweza kwenda kununua mandazi ukarudi kabla haijakamilika. Katika miji ya mbali bei ilizidi hapo.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo juzi tu, nina kompyuta ya mtumba yenye feni inayolia kama kinu, na kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kuitengenezea karakana hiyo mtambo wa oda. Kitu chenyewe kilikuwa rahisi: PHP na MySQL. Mtu wa mauzo akiwa Busia anaingia saiba, anafungua ukurasa, anaandika jina la mteja, aina ya mashine na idadi. Ofisini Kariobangi wanaona papo hapo na kuanza kuchomelea. Ndani ya mtambo huo huo niliweka na barua pepe za kampuni, ili mtu aingie mara moja, kwa neno moja la siri, apate kila kitu. Nilijivunia sana hilo.

Mzee mwenye karakana alitoa shilingi 100 kwa wiki za intaneti kwa kila aliyesafiri. Zikiisha, unajazia kutoka mfukoni mwako. Iweke akilini hiyo mia moja, tutairudia.

Basi, siku moja mteja wa Busia akapiga simu ofisini kuuliza mashine yake iko wapi, maana ameshalipa. Amelipa wapi? Akasema alipata barua pepe kutoka kwa dada yule, kwa anwani yake ya kampuni, ikimwambia kwamba namba ya kupokea malipo imebadilika. Akatuma shilingi 28,500 kwa M-Pesa. Namba ile haikuwa yetu, na pesa zilikuwa zimeshatolewa. M-Pesa, iliyokuwa na miaka miwili tu tangu ianze Machi 2007, haikuwa na kosa lolote hapo. Ilipeleka pesa pale mteja alipoiambia izipeleke.

Mzee akaniita. "Kijana, fungua huo mtambo wako utuambie nani aliandika barua hii."

Nikafungua logi, yaani daftari ambalo seva huandika nani aliingia na saa ngapi. Siku ya tukio akaunti ya dada ilifunguliwa mara mbili: 10:12 na 14:40. Barua ile ilitumwa mara ya pili. Neno la siri liliandikwa sawasawa mara zote mbili, hakuna aliyebahatisha. Na siku hiyo kutwa nzima dada alikuwa Busia, hilo yeye mwenyewe alikubali.

"Basi," mzee akasema. "Kompyuta haidanganyi."

Ikaamuliwa akatwe mshahara hadi pesa zirudi. Shilingi 28,500 zilizidi mshahara wake wa miezi miwili, na alikuwa na mtoto wa darasa la pili pale Umoja. Alikuwa amesimama mlangoni na begi la safari bado liko begani. Akanitazama akasema, "Kaka, wewe unanijua. Waambie." Mimi nikarudia kile kilichosemwa na logi. Siku mbili nzima nilikaa hivyo, nikijiambia kwamba kazi yangu ni programu, mambo ya watu hayanihusu.

Usiku wa siku ya tatu nilikuwa nyumbani nikirekebisha kitu kingine kwenye seva ile. Nikaingia saa nne za usiku kasoro kidogo. Kwa bahati nikaangalia logi, nikaona jina langu mwenyewe limeandikwa 14:53. Nikatazama saa ya ukutani. Nikatazama tena logi. Moyo ukanishuka.

Seva ilikuwa Marekani. Tulikodi nafasi huko kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko hapa, na sikuwahi kubadilisha saa yake. Ilikuwa nyuma yetu kwa saa saba. Kwa hiyo 10:12 ya logi haikuwa saa nne za asubuhi, ilikuwa saa kumi na moja na dakika 12 jioni, pale dada alipoingia saiba kuandika oda za siku. Na 14:40 haikuwa mchana, ilikuwa saa tatu na dakika 40 za usiku. Sisi Waswahili ambao saa yetu huanza kuhesabiwa alfajiri tulipaswa kuwa wa kwanza duniani kukumbuka kwamba saa hutegemea aliyeihesabu amesimama wapi. Mimi nilisahau.

Asubuhi nikashuka Umoja kwa miguu. Nikamuuliza dada alisafiri saa ngapi. "Basi la saa mbili usiku." Una tiketi? Akapekua begi, hakuna. Akapekua koti, hakuna. Mwishowe tukaipata ndani ya daftari la mtoto, amechora nyumba nyuma yake. Tarehe, saa mbili usiku, namba ya kiti. Saa tatu na dakika 40 alikuwa ndani ya basi gizani, na simu yake ilikuwa ya kupiga na kutuma ujumbe mfupi tu. Hata anwani za IP, nilipozitazama vizuri, zilikuwa mbili tofauti. Zilikuwa pale pale kwenye logi tangu siku ya kwanza, ila niliyeisoma nilikuwa nimeshapata jibu nililoridhika nalo.

Mzee aliishika ile tiketi, akaigeuza, akaona ile nyumba iliyochorwa. Akamwambia karani amrudishie dada shilingi 5,000 zilizokuwa zimeshakatwa. Mteja akapewa mashine yake, karakana ikabeba hasara.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Neno la siri lilitokaje? Milango ilikuwa mitatu, na yote mitatu niliiacha wazi mimi.

Wa kwanza, ukurasa wangu wa kuingilia ulitumia HTTP tupu. Maneno ya siri yalisafiri kama kadi ya posta: yeyote aliye kwenye waya ule ule wa saiba angeweza kuyasoma kwa programu ya bure. Nilijua. Sikuweka HTTPS kwa sababu vyeti viliuzwa kwa dola na bajeti ilikuwa imekwisha. (Siku hizi hakuna kisingizio hicho. Let's Encrypt imekuwa ikitoa vyeti bure kwa umma tangu Desemba 2015.)

Wa pili, kompyuta ya saiba si yako. Mtu anaweza kuweka humo programu inayorekodi kila herufi unayobonyeza, na HTTPS haisaidii kitu hapo, kwa maana wizi unafanyika kwenye kibodi kabla data haijasimbwa.

Wa tatu ni kutotoka. Akaunti ilibaki wazi mpaka mtu abofye "Toka", na ndani yake niliweka ukurasa wa mipangilio ulioonyesha neno la siri bila kulificha. Naam, nilifanya hivyo. Nilikuwa mchanga.

Nikamuuliza dada kwa nini hakubofya "Toka" siku ile. Jibu lake sijalisahau: "Kaka, dakika zilikuwa zimebaki mbili, na ile mia ya mzee ilikwisha Jumanne."

Hapo ndipo nilipoelewa. Tulikuwa tukizungumzia bei na usalama kama vitu viwili tofauti: leo tuokoe pesa, kesho tukipata nafasi tuweke usalama. Kumbe ni kitu kimoja. Mtu anayehesabiwa dakika hukimbia, na anayekimbia hufunga milango nusu. Akilazimika kulipa mwenyewe, atatafuta saiba rahisi zaidi, siku hizi waifai ya bure zaidi. Kila shilingi ambayo ofisi haikuilipa, msafiri huilipa kwa njia nyingine. Na mambo yakiharibika, logi huandika jina lake, haiandiki la ofisi.

Tulichofanya baadaye hakikugharimu sana. Nilinunua cheti cha bei ya chini, nikafuta ule ukurasa wa aibu, nikaweka akaunti ijifunge yenyewe baada ya dakika tano. Kisha nikachapisha kadi zenye namba 40, kila mtu yake. Ukiingia, mtambo unakuomba neno la siri na namba inayofuata kwenye kadi, na namba ikishatumika haifai tena. Mwizi anayerekodi kibodi anapata namba iliyokufa. Gharama yake: karatasi, na kupitishwa kwenye plastiki pale mjini.

Baadaye nikapunguza ukurasa wa oda kutoka kilobaiti 180 hadi 9. Nikaondoa nembo kubwa aliyoipenda mzee, tukagombana kidogo. Sasa ukurasa uliweza kufunguka kwenye simu ya kawaida yenye Opera Mini, na watu wakaanza kuandika oda wakiwa kwa mteja, bila saiba. Opera Mini ilipitisha kurasa kwenye seva zake ili izibane, na hapo katikati zilifunguliwa, kwa hiyo tulikubaliana: oda zipite simu, mambo ya pesa yasubiri ofisini. Kumbe kilobaiti chache ndizo zilizomtoa dada saiba, na kumtoa saiba ndiko kulikomlinda kuliko kufuli zangu zote.

Haya, hiyo ni 2009. Dada anauliza habari za leo, na leo mambo ni mengine. Vijana wake wana simu za kisasa, maghorofa ya Umoja na Pipeline yamefungwa nyaya za intaneti kama kamba za nguo, na waifai iko kila hoteli. Nimemwandikia mambo sita.

1. Bando ni kifaa cha kazi, kama vile mashine ya kuchomelea. Kampuni iinunue, itosheleze wiki, na kijana awashe laptopu kwa intaneti ya simu yake mwenyewe. Waifai ya hoteli ambayo neno lake la siri limebandikwa ukutani haifichi mengi. Katika mfumo wa WPA2, anayejua neno hilo na akanasa mwanzo wa mawasiliano yako anaweza kuyafungua. WPA3 ya 2018 ilirekebisha hilo, lakini vifaa vingi vya zamani bado viko kazini. HTTPS itakulinda sehemu kubwa, ila mara nyingi bado inaonyesha unatembelea tovuti gani.

2. Ukivuka mpaka, uliza bei kabla hujawasha data. Mwaka 2006 Celtel iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania kwa mpango wake wa One Network, na mwaka 2014 Kenya, Rwanda na Uganda zikakubaliana kushusha gharama za kupigiana simu. Lakini kupiga simu ni kitu kimoja na data ni kitu kingine. Kwa anayekaa wiki nzima, laini ya huko mara nyingi ni nafuu. Isajiliwe kwa kitambulisho chake mwenyewe, asikubali laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine barabarani. Laini ya nyumbani ibaki kwenye nafasi ya pili.

3. Kama ni lazima kutumia waifai ya watu, tumia VPN, yaani njia ya faragha inayosimba mawasiliano kutoka kwenye simu hadi kwenye seva yenu. WireGuard iliingizwa ndani ya Linux mwaka 2020, ni programu huria na ndogo, na seva ya kukodi ya dola chache kwa mwezi inawatosha vijana watano. Jihadharini na VPN za bure. Onavo ya Facebook ilijitangaza kuwa ya kulinda watu huku ikikusanya habari za matumizi yao, na ikafungwa mwaka 2019. Na kwa wanaokwenda Arusha: Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ilitaka watu na kampuni zinazotumia VPN zijiandikishe kwake. Ofisi ishughulikie hilo kabla kijana hajafika Namanga, asiachiwe yeye kujieleza.

4. Kadi yangu ya karatasi ina wajukuu. Tumieni programu ya simu inayotoa namba inayobadilika, au funguo za siri zinazokaa ndani ya simu, zile za alama ya kidole. Namba zinazotumwa kwa ujumbe mfupi ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini mtu akifanikiwa kuhamisha laini yako kwenye kadi yake, zinamfikia yeye.

5. Namba ya malipo haibadiliki kwa barua pepe. Haibadiliki kwa WhatsApp. Mteja aambiwe hivyo siku ya kwanza, na iandikwe kwenye kila risiti: ukipata ujumbe wa kubadilisha, piga namba uliyokuwa nayo zamani. Sheria hii haigharimu chochote, na ingetosha kuokoa zile 28,500.

6. Mtambo ufanye kazi hata intaneti ikikatika. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika na Afrika Mashariki yote ikahisi. Januari 2021 Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi. Oda ikae kwenye simu, imesimbwa, ijitume yenyewe mtandao ukirudi. Kijana asiye na mtandao na anayetishiwa na tarehe ya mwisho ataingia popote penye mtandao.

Utaona kwamba mambo mengi hapo ni ya ofisi kuyafanya, na machache tu ni ya msafiri. Nimeandika hivyo makusudi. Hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalitazama hivyo: anayekusanya majina na namba za simu za wateja ndiye mwenye wajibu wa kuzilinda. Kumpa kijana karatasi ya masharti kumi atie sahihi, kisha umwache atafute waifai stendi, ni kuhamisha deni tu.

Na kwa wenzangu tunaoandika programu: mtambo wako ukisema fulani ndiye aliyefanya, unasema tu kwamba neno lake la siri limetumika. Mwenye mshahara hajui tofauti hiyo. Wewe unaijua. Iseme kabla mtu hajakatwa.

Nilipomaliza kumwandikia dada nilimtumia, akasoma, akanipigia. Alikuwa na jambo la saba, akasema niliongeze kwa niaba yake: kila kijana wake akishuka basi, sharti la kwanza ni kuleta tiketi ofisini. Anazihifadhi kwenye faili. Nikamwambia siku hizi tuna IP, tuna saa sahihi, seva naikagua mwenyewe.

"Najua, kaka," akasema. "Lakini lete tu tiketi."

Haya, kwa leo naishia hapo. Na kwako wewe mwenye watu wa mauzo: ile mia moja ya intaneti unayowapa kwa wiki, inaisha siku gani?